Dawa Iliyomdhuru Mtoto: Jina Lake Liandikwe

   Najua wengine wenu mmetoka kuchuma chai sasa hivi na mnaota moto jikoni. Sogeza redio karibu, mama, na umwite na yule anayekulelea mtoto unapokuwa kazini, kwa maana mazungumzo ya leo yanamhusu yeye pia.

Mada yetu ni mzio wa dawa, au aleji kama wengi wetu tunavyosema. Mzio hutokea mwili unapoichukulia dawa kama adui na kupigana nayo, ingawa dawa ni nzuri na kipimo ni sawa.

Tuanze kwa mfano. Tuseme kuna mama anayeishi kwenye kambi ya shamba la chai. Tumwite Mama Chebet. Mtoto wake wa miaka miwili alikohoa, akapewa dawa ya maji. Muda mfupi baada ya kumeza, midomo ikavimba na mwili ukajaa vipele vikubwa vya kuwasha. Alikimbizwa zahanati, akatibiwa, akapona. Mama alimshukuru Mungu na kurudi kazini.

Miezi minane baadaye wako nyumbani kwa nyanya, upande wa Bomet. Mtoto anashikwa na homa usiku. Daktari anauliza, "Mama, kuna dawa yoyote inayomdhuru mtoto huyu?" Mama Chebet anajibu, "Iko moja, daktari. Ile ya maji, ya rangi ya waridi." Daftari la matibabu limebaki kambini. Dawa za maji za rangi ya waridi ni nyingi. Sasa daktari afanye nini?

Wasikilizaji wapendwa, shida iko hapo. Dawa hujulikana kwa jina, si kwa rangi. Tena dawa moja huwa na majina mengi, na dawa nyingi huwa za ukoo mmoja. Penisilini ya sindano, amoksilini ya maji na Augmentin ni ndugu. Mtoto aliyevimba kwa amoksilini asipewe hao ndugu zake kabla daktari hajaamua. Septrin ni ya ukoo mwingine, unaoitwa salfa. Wazee wetu watakumbuka Fansidar, iliyokuwa dawa ya kwanza ya malaria hapa Kenya kuanzia mwaka 1998, hadi serikali ilipobadilisha mwongozo mwaka 2004. Nayo ina salfa. Kama Fansidar ilikutoa malengelenge miaka ile, mwambie daktari kabla hajakuandikia Septrin leo.

Je, kila baya linalofuata dawa ni mzio? Hapana. Mtoto akiharisha kidogo au akitapika baada ya dawa, mara nyingi hayo ni madhara ya kawaida. Tena homa nyingi za watoto zinazoletwa na virusi hutoa vipele zenyewe, hata kama mtoto hakumeza dawa yoyote. Kule Marekani, kama watu 10 katika kila 100 husema wana mzio wa penisilini, lakini wakipimwa, wenye mzio wa kweli hawafiki hata mmoja katika 100. Kumwandikia mtoto mzio asionao kuna hasara. Siku akipata nimonia atanyimwa dawa inayomfaa na kupewa nyingine, labda ya bei ghali au yenye madhara zaidi. Kwa hiyo kazi yako si kuamua kama ni mzio. Kazi yako ni kueleza sawasawa ulichoona.

Eleza mambo manne. Kwanza, jina la dawa. Beba chupa au paketi yenyewe. Pili, tarehe, na ni muda gani ulipita tangu alipomeza. Tatu, kilichotokea: alivimba wapi, vipele vilikuwaje, alipumua vipi. Nne, alitibiwa wapi na akapona baada ya muda gani.

Maelezo yako hayaishii kwa daktari. Katika hospitali, afisa wa rekodi hugeuza maneno ya daktari kuwa alama ya herufi na tarakimu, kufuata orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani. Katika toleo la 10 la orodha hiyo, mtu mwenye historia ya mzio wa penisilini ana alama Z88.0, na wa salfa ana Z88.2. Vipele vya mwili mzima vilivyoletwa na dawa ni L27.0. Toleo la 11, lililoanza kutumika rasmi Januari 2022, lina alama zake nyingine. Huna haja ya kuzikariri. Jua tu kwamba daktari akiandika "vipele" peke yake kwa sababu mama hakutaja dawa, alama itakuwa ya vipele tu. Dawa itapotea kwenye hesabu, na hakuna atakayejua kwamba imemdhuru mtoto.

Hapa Kenya, Bodi ya Dawa na Sumu ilianzisha mwaka 2009 mfumo wa kitaifa wa kufuatilia madhara ya dawa. Mhudumu wa afya hujaza fomu ya manjano na kuipeleka kwa Bodi. Ipo pia kadi ya tahadhari, ambayo mgonjwa hubeba mwenyewe. Uliza, mama, usione haya. Sema hivi: "Daktari, naomba uniandikie jina la dawa hii, na kama kuna kadi ya tahadhari unipe."

Alama ya hospitali hukaa hospitalini. Mtoto akihama kambi, akienda kwa nyanya, au ukinunua daftari jipya, alama haimfuati. Kinachomfuata ni karatasi uliyobeba. Basi jina la dawa liandikwe kwa kalamu nyekundu kwenye ukurasa wa mbele wa Kitabu cha Mama na Mtoto. Liandikwe pia kwenye kila daftari jipya, na kwenye karatasi atakayokaa nayo yule anayekulelea mtoto. Ukienda kwa kemisti, litaje kabla ya kulipa.

Sasa sikilizeni dalili za hatari. Mtoto akivimba midomo, ulimi au uso, akipumua kwa shida, au akilegea na kuzirai muda mfupi baada ya dawa, usingoje asubuhi. Mlaze, na kama anapumua kwa shida mwache akae umempakata. Tafuta gari au bodaboda mara moja. Dawa ya kumwokoa ni sindano ya adrenalini kwenye paja, na wanaoichoma ni wahudumu wa afya. Maziwa na mitishamba havitamsaidia.

Dalili nyingine huja polepole, siku kadhaa au hata wiki chache baada ya kuanza dawa: homa, macho mekundu, vidonda mdomoni au sehemu za siri, malengelenge, na ngozi kubambuka kama iliyoungua. Acha dawa na uende hospitali siku hiyo hiyo. Usipake mafuta wala usipasue malengelenge. Beba paketi ya dawa.

Lakini kwa mwasho mdogo au kichefuchefu, usikatize dawa za kila siku, kama zile za kifua kikuu, za virusi vya ukimwi, au Septrin ya mtoto wa kliniki, bila kuongea na muuguzi kwanza.

Tumrudie Mama Chebet. Kama angekuwa na karatasi ndogo iliyoandikwa "amoksilini, alivimba midomo, nusu saa baada ya kumeza," daktari wa Bomet angechagua dawa nyingine kwa dakika moja, na mama angelala.

Usiku wa leo, kabla hujazima taa, fungua kitabu cha mtoto wako. Je, kuna dawa iliyomdhuru? Imeandikwa kwa jina? Kama hujui jina, rudi alikotibiwa uliulize wakati mtoto yuko mzima. Na kama hujui kusoma, mwombe mhudumu wa afya wa jamii akusomee na akuandikie.