Njia ya Mzingile katika Bustani ya Kanisa



Wasikilizaji wapenzi, ninyi mliobatizwa na ninyi mnaojitayarisha kubatizwa, toka Kiliba mpaka Makobola, jioni hii tutaweka kando kitabu cha maswali. Nataka tuzungumze habari ya njia.

Mzee mmoja alinisimamisha baada ya Misa, akaniuliza: «Mwalimu, nasikia kwamba huko Ulaya na Marekani yako makanisa yenye bustani, na ndani ya bustani wamechora njia ya kuzungukazunguka, na watu wazima huitembea pasipo kusema neno. Je, hiyo ni sala, au ni mchezo wa watoto? Mlango wa kanisa uko mbele yangu. Kwa nini nizunguke?» Nikamjibu: «Baba, swali lako ni kubwa. Nipe juma moja.» Basi juma limekwisha, nami natoa jibu mbele yenu nyote.

Kitu hicho kwa Kiswahili chaitwa mzingile. Lakini tuangalie sana neno hili. Mzingile wa hadithi una njia nyingi, nyingine zimezibwa mwisho wake, na mwenye kuingia hupotea. Mzingile wa kanisa una njia moja tu, hauna njia panda hata mahali pamoja. Aingiaye mlangoni na kuifuata pasipo kuruka mstari atafika katikati, na kwa njia ile ile atatoka. Ugumu wake ni huu: njia hukuleta karibu kabisa na katikati, hata wasema moyoni, nimefika, mara hukugeuza, ikakupeleka mpaka ukingo wa nje, mbali kuliko pale ulipokuwa kitambo kidogo. Hapo ndipo watu wengi hukasirika na kutaka kuruka.

Mzee wangu alidhani jambo hili ni la Wazungu. Sivyo. Mzingile wa kanisa ulio wa zamani kuliko yote inayojulikana ulitengenezwa katika bara letu hili la Afrika. Katika nchi iitwayo leo Algeria, mahali paitwapo Chlef, Wakristu walijenga kanisa mwaka 324, na sakafuni mwake walipanga vijiwe vidogo vya rangi kuwa mzingile. Katikati waliweka herufi za Kilatini zinazosomeka kwa pande nyingi: Sancta Ecclesia, yaani Kanisa Takatifu. Sakafu hiyo sasa imewekwa katika kanisa kuu la mji wa Algiers. Na Algiers ndipo alipokuwa Askofu Mkuu Lavigerie, yeye aliyeanzisha shirika la Mapadre Weupe mwaka 1868. Mapadre wake walifika Ujiji mwaka 1879, na mwaka 1880 wakavuka ziwa kuja Masanze, pwani yetu hii ya magharibi.

Katika Ulaya, wenye sifa kubwa ni ule wa Chartres, nchi ya Ufaransa, wa mwanzo wa karne ya 13. Upana wake ni karibu mita 13, lakini njia iliyokunjwa ndani yake yapata mita 260. Wengine husema ulitengenezwa kwa ajili ya wale wasioweza kuhiji Yerusalemu. Habari hiyo yapendeza, ila maandishi ya zamani zile hayaishuhudii. Twajua kwa hakika jambo jingine: huko Auxerre mapadre wa kanisa kuu walicheza ngoma juu ya mzingile siku ya Pasaka, wakirushiana mpira, mpaka desturi hiyo ilipokatazwa mwaka 1538. Nanyi mwasema wazee wa Kanisa hawakujua kucheza!

Sasa sikilizeni vema, maana hapa ndipo kosa huingia. Mzingile si sakramenti. Sakramenti ni 7, hazitaongezeka. Wala haulingani na Njia ya Msalaba na vituo vyake 14, ambayo Kanisa limeiwekea rehema. Mtu hapati neema kwa sababu miguu yake imezunguka. Wala mzingile si dawa wala kinga. Atakayechukua jiwe lake akalifukie mlangoni pa nyumba yake amerudi kule alikotoka kabla ya ubatizo.

Basi, kwa nini tuzunguke? Kumbukeni taifa la Israeli walipotoka Misri. Ilikuwako njia ya karibu, ya kupita nchi ya Wafilisti. Mungu hakuwapitisha huko. Aliwazungusha kwa jangwa, wakakaa miaka 40. Nao walinung'unika, kama tunung'unikavyo sisi.

Na sisi je? Wangapi miongoni mwenu mmevuka Kavimvira na mafurushi kichwani mara mbili, mara tatu, mkarudi, mkajenga? Kisha mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ukafurika, ukabomoa nyumba hapa Uvira, watu wakafa. Mwaka 2024 ziwa lenyewe likapanda, likaingia majumbani. Sitawaambia kwamba kila pigo ni somo. Mama aliyenyang'anywa mtoto na maji yale asisikie neno hilo kinywani mwangu. Nasema hili tu, kwamba mtu aliyegeuzwa hajapotea, maadamu miguu yake ingali njiani. Neno hilo ni rahisi kulitamka na gumu kulisadiki, na ndiyo sababu yafaa miguu ilijifunze kwanza, polepole, jioni kukiwa na upepo wa ziwa.

Kazi yenyewe haihitaji fedha. Uwanja wa mita 11 kwa 11 unatosha. Simikeni kigingi katikati, fungeni kamba yenye mafundo 8: la kwanza mita moja toka kigingini, na mengine kila sentimita 60. Kila fundo lizungushwe kuchora duara. Mtapata njia 7 zenye upana wa mtu mmoja. Mahali pa kukata duara na kugeuza njia, fuateni mchoro. Asibuni mtu kwa kichwa chake, maana atatuletea njia panda. Mawe yako tele, yale yaliyoletwa na mto pamoja na matope. Pandeni mchaichai kandokando, na mwembe wa kivuli nje ya duara, mizizi yake isije ikainua mawe. Katikati wekeni msalaba, na mkipenda, majina ya Wenyeheri wetu: Luigi Carrara, Giovanni Didonè, Vittorio Faccin na Padri Albert Joubert, mzaliwa wa pwani ya ziwa hili, waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964, wakatangazwa Wenyeheri hapa Uvira tarehe 18 Agosti 2024.

Bustani isiwe na mlango wa kufungwa. Mwislamu aingie, Mprotestanti aingie, na asiulizwe mtu kabila lake. Hapa najua kwamba nagusa kidonda. Njia ni moja na ni nyembamba. Aingiaye na atokaye hukutana uso kwa uso. Huenda atokaye ni mtu wa ukoo ule mliogombana shamba, au wa kabila lile ambalo vijana wake walichoma nyumba yenu. Huwezi kupita pasipo mmoja kusogeza bega. Nani atasogea kwanza? Kanisa halikuweka sheria kwa jambo hili. Mimi nawashauri: aingiaye ampishe atokaye, na ampe salamu, hata kama sauti haitoki vizuri.

Mzee wangu, kama wanisikiliza, kamba ninayo. Jumamosi baada ya Rozari, njoo na kigingi.