Maelezo ya Zana na Msomaji Asiye na wa Kumuuliza



Tarehe 3 Novemba 1971 Ken Thompson na Dennis Ritchie, wa Maabara za Bell nchini Marekani, walitoa kitabu cha kwanza cha maelezo ya mfumo wa Unix, ambamo kila amri ilipewa jina lake, na namna ya kuiandika, na bayana ya kazi yake, na karibu na mwisho, kwa uungwana ulio adimu miongoni mwa mafundi wa kila fani, mlango wa kukiri hitilafu zake zinazojulikana. Kitabu kile kilimkusudia mhandisi mwenzao, ambaye aghalabu alifanya kazi katika jengo lile lile, na ambaye ibara ikimtatiza aliweza kusimama, akaenda chumba cha pili, akauliza. Jioni hii nataka tumtazame msomaji aliyezuka miaka hii michache, ambaye hana chumba cha pili.

Msomaji huyo ni wakala wa akili mnemba, yaani programu iliyojengwa juu ya modeli ya lugha na kukabidhiwa zana za kutenda: hii ya kutafuta mafaili, hii ya kupeleka barua, hii ya kulipa fedha. Katika itifaki ya Model Context Protocol, iliyotangazwa na kampuni ya Anthropic mwezi Novemba 2024, kila zana humfikia wakala ikiwa na jina, aya ya maelezo, na mpango wa vipengele vinavyopasa kujazwa. Msimbo wenyewe unaofanya kazi aghalabu hauoni. Kwake yeye, basi, maelezo ndiyo zana. Mwanadamu akikuta pengo katika maelezo hulijaza kwa mazoea, au huliona akasita. Wakala naye hulijaza, ila kwa dhana, na dhana yake huisema kwa ufasaha ule ule anaousemea yakini, hata aliyemtuma asijue ipi ni ipi.

Na tuchukue mfano wa kwetu. Mtu wa Tanga amwambia wakala, “Niwekee miadi kwa daktari kesho saa mbili asubuhi.” Zana ya miadi ina kipengele kiitwacho “wakati”, na maelezo yake yasema, bila haya, kwamba hapo hujazwa wakati. Sisi tuhesabuo saa tangu kucha twajua kuwa anakusudia ile ambayo mitambo huiandika 08:00. Wakala aliyefunzwa kwa maandishi mengi ya Kiingereza aweza kuandika 02:00, zana ikaipokea bila kinyongo, na mgonjwa akapangiwa saa ambayo hata bawabu wa hospitali amesinzia. Ingetosha kuandika: saa ziwe za mtindo wa 24, kwa majira ya Afrika Mashariki, saa za Kiswahili zigeuzwe kwanza, saa mbili asubuhi ikiwa 08:00 na saa mbili usiku 20:00, na mtumiaji asipotaja asubuhi wala usiku, aulizwe. Kadhalika Daraja, kiolesura cha M-Pesa ya Kenya, hutaka nambari ya simu ianze kwa 254, ilhali mwenye simu huitaja kwa 07. Na kwa kuwa aliyekulia Nairobi hahitaji kuambiwa jambo hilo, yeye ndiye wa kwanza kusahau kulisema.

Wapo wanaojibu kwamba kipimo kikishaandikwa mahali fulani, wajibu umetimia. Lakini chombo cha anga cha Mars Climate Orbiter kilipotea tarehe 23 Septemba 1999 kwa kuwa programu moja ilitoa hesabu za msukumo kwa pauni-sekunde na nyingine ikazipokea kana kwamba ni nyutoni-sekunde. Na hati ya makubaliano kati ya programu hizo, ajabu yake, ilikuwa imeagiza nyutoni-sekunde waziwazi. Agizo lilikaa katika hati, hesabu zikapita katika faili, viwili hivyo visikutane. Ndiyo maana napendelea kipimo kikae katika jina la kipengele chenyewe, “muda_kwa_sekunde”, “kiasi_kwa_senti”, ijapokuwa majina ya namna hiyo huwachukiza wapenda ufupi.

Lililo zito kuliko yote ni kueleza madhara. Zana ya kusoma salio ikiitwa mara kumi haidhuru. Zana ya kulipa ikiitwa mara mbili, kwa kuwa mtandao ulikatika kabla ya jibu kurudi na wakala akadhani malipo hayakupita, humtia mwenye fedha hasarani. Itifaki niliyoitaja ina alama za kuonyesha kama zana yasoma tu, kama yaweza kuharibu, kama kuirudia hakuongezi athari. Alama hutaja hatari, haisemi la kufanya. Sharti mwandishi aseme: jibu likikosekana, ulizia hali ya muamala kwa nambari yake kabla ya kulipa tena. Ujumbe wa kosa nao ni sehemu ya maelezo, kwa kuwa husomwa wakati wa shida: zana inayojibu “ombi batili” ni kama imenyamaza, na inayojibu “tarehe ya kurudi imetangulia ya kwenda” imefundisha.

Sihimizi maneno mengi. Maelezo ya zana aghalabu huingizwa yote pamoja katika nafasi anayofanyia kazi wakala, nayo ina kikomo. Mwenye zana hamsini akiandika kurasa mbili kwa kila moja, amejaza sebule kwa samani hata mgeni akose pa kukaa. Sifa za zana ziachiwe matangazo. Ibara yenye thamani ni ile ya kukataza: usiitumie hii kwa akaunti zilizofungwa, tumia ile.

Kuhusu kupima maelezo, wakala apewe maelezo pekee na kazi zilizoandikwa kama watu wasemavyo, kisha isomwe kumbukumbu ya alichotenda. Pale alipochagua zana isiyo yake, au akajaza siku mahali pa mwezi, aghalabu pana sentensi iliyokosekana. Wahandisi wengi hukimbilia kubadili modeli. Mimi naona wabadili sentensi kwanza, maana modeli mpya italikuta pengo lile lile. Ningependa kazi hii wapewe wanafunzi wawili wawili, mmoja wa isimu na mmoja wa kompyuta, na maelezo yasipite mpaka yule wa isimu, asiyejua msimbo, aweze kutabiri zana itajibu nini ikipewa tarehe 31 Februari.