WAIKOMA WA ROBANDA NA ASILI YAO

Leo twazungumza habari za Waikoma wa Robanda, kijiji cha wilaya ya Serengeti, karibu na boma la kale la Wajerumani liitwalo Fort Ikoma.

Ukiwauliza wazee wa Kiikoma walikotoka, wengi watakujibu: Sonjo, mashariki ya mbuga. Husimulia ya kuwa babu yao alikuwa mwindaji. Lakini wataalamu wa lugha wamelinganisha maneno, wakaona Kiikoma ni ndugu ya Kinata, Kiisenye, Kingoreme na Kizanaki, lugha za upande wa ziwa. Na Kisonjo ni jamaa ya Kikuyu na Kikamba. Tena kuna Machaba, pembe za ndovu ziheshimiwazo sana na Waikoma, ambazo yasemwa walizipata kwa mwaguzi wa Watatoga, wafugaji wasio Wabantu.

Je, wazee wasema uwongo? La, hasha! Mto mkubwa hauna chemchemi moja. Yamkini wengine walitoka Sonjo, wakawakuta wenyeji, wakaoana nao. Hadithi ikashika upande huu, lugha upande ule. Hata katika miaka ya 1890, sotoka ilipoua ng'ombe, zikafuata njaa na ndui, watu wengi wa Mara walitawanyika, wakapokewa na jirani zao, wakawa watu wa koo hizo.

Basi liko jambo la kuhofia. Habari hizi hazikuandikwa vitabuni. Zilishikwa na majina ya vilima, mito na mahame. Hifadhi ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951, na mahame mengi yamo ndani ya mipaka yake, ambamo haruhusiwi mtu kulima wala kuwinda. Kijana asiyepakanyaga mahali hujua jina tu. Mwanawe hatajua hata jina.

Wazee kadha wa Mara waliandika habari za makabila yao kwa mikono yao, na mwaka 2003 maandishi hayo yalipigwa chapa katika kitabu alichokihariri Jan Bender Shetler.

Nanyi fanyeni vivyo hivyo. Mwulizeni mzee jina la kilima, nani alikaa pale, na kwa nini alihama. Kisha mwulizeni mzee wa ukoo mwingine. Wakihitilafiana, andikeni maneno ya wote wawili, wala msifute hata moja. Maana huenda kila mmoja anayo chemchemi yake.