Kuumia Peke Yake Si Kushinda Kesi

Leo tutajifunza habari za uzembe, na jinsi mtu aliyeumizwa na uzembe wa mwenziwe anavyopaswa kuuthibitisha mahakamani ili alipwe fidia.

Watu wengi hudhani ya kuwa mtu akiisha kuumia, kesi amekwisha kuishinda. Sivyo. Mwenye kudai ndiye anayepaswa kuthibitisha.

Tutwae mfano. Mwenye duka amechimba shimo mbele ya mlango wake. Jioni giza likaingia, duka li wazi, naye hakuweka taa wala kizuizi. Mteja akatumbukia, akavunjika mguu. Mteja huyu hana budi kuthibitisha mambo manne:

1. Mwenye duka alikuwa na wajibu wa kujihadhari asimdhuru mteja.
2. Hakuutimiza wajibu huo, maana aliliacha shimo wazi gizani.
3. Shimo hilo ndilo lililomvunja mguu. Kama mguu ulivunjika jana yake uwanjani, shimo halina kosa.
4. Amepata hasara kweli, kama vile maumivu, gharama za dawa na siku za kazi zilizopotea.

Likikosekana moja tu, madai yote huanguka.

Jambo la kwanza, yaani wajibu, lina kisa mashuhuri. Tarehe 26 Agosti 1928, katika mji wa Paisley, Scotland, Bibi May Donoghue aliingia mkahawani pamoja na rafiki yake. Rafiki alimnunulia soda ya tangawizi. Chupa ilikuwa nyeusi, yaliyomo hayaonekani. Bibi alikunywa kidogo. Soda iliyobaki ilipomiminwa, alisema, akatoka konokono aliyeoza. Bibi akaugua tumbo.

Je, amdai nani? Yeye hakununua kitu, kwa hiyo hakuwa na mapatano na mtu yeyote. Akamdai mtengenezaji wa soda, David Stevenson. Shauri likafika London, katika Baraza la Malodi, ambalo wakati huo lilikuwa mahakama ya juu kabisa. Mwaka 1932 majaji watatu kati ya watano walikubaliana naye. Jaji Atkin alieleza kwamba yakupasa kujihadhari usimdhuru jirani yako. Na jirani katika sheria ni kila mtu ambaye ungeweza kufikiri kwamba tendo lako litamgusa. Kanuni hiyo hutumika hata leo katika mahakama za Kenya, Uganda na Tanzania.

Lakini angalieni sana. Majaji hawakusema kwamba konokono alikuwamo chupani. Walisema kwamba, ikiwa maneno ya Bibi Donoghue ni kweli, ana haki ya kudai. Kumthibitisha konokono kulikuwa bado. Stevenson akafariki mwaka huo huo, na mwishowe shauri likaisha kwa mapatano. Konokono yule hakuthibitishwa kamwe.

Basi, haki ya kudai ni mlango tu. Ushahidi ndio unaokuingiza ndani. Ukiumia, nenda katibiwe upesi, na utunze cheti cha daktari na stakabadhi zote. Andika majina ya walioona. Piga picha mahali pale kabla shimo halijafukiwa. Kitu kilichokudhuru usikitupe. Kisha usichelewe: Kenya na Tanzania, muda wa kufungua madai ya namna hii kwa kawaida ni miaka 3.

Wala msiogope. Katika madai, si lazima kuondoa kila shaka kama katika kesi ya jinai. Yatosha hakimu aone kwamba maneno yako yaelekea kuwa kweli kuliko ya mwenzako.

Maswali ya darasani:
1. Taja mambo manne ya kuthibitisha.
2. Bibi Donoghue alishinda jambo gani, na jambo gani lilikuwa bado?
3. Ukianguka shimoni leo, kesho utatunza nini?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.