Mamba, Mbogo na Popo: Pango Lilichimbwa na Nani?



Mhadhara uliotangazwa kwenye kadi si huu. Ule ulihusu namna kimelea cha malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, kinavyobadili koti lake la protini ili kinga ya mwili isikitambue, na nusu yenu mngesinzia kabla sijafika mchoro wa pili. Nimeuweka kando kwa sababu ya makofi.

Makofi yenyewe yalipigwa katika ukumbi mmoja wa mikutano, wiki chache baada ya tarehe 13 Machi 2025, siku mlipuko wa ugonjwa wa virusi vya Marburg wilayani Biharamulo ulipotangazwa kuwa umekwisha. Msomi mwenzetu, mtu ninayemheshimu na ambaye sitamtaja, alisimama akasema mambo mawili. La kwanza, popo ndiye adui, basi mapango yafukiwe kwa saruji, na yasiyofukika yachomwe moto. La pili, magonjwa haya yanatokea kwa sababu watu wa kule wamevamia pori. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mimi, mzaliwa wa Ngara niliyepata shahada zangu zote kwa hisani ya mbung'o, nikanyamaza. Jibu nilikuwa nalo, ila lilikuwa refu, na chai ilikuwa imeshaletwa. Leo chai haijaletwa.

Habari ya mlipuko mnaijua. Tarehe 20 Januari 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa ugonjwa umethibitishwa. Ulipokwisha, wagonjwa 2 walikuwa wamethibitishwa na maabara na 8 wamehesabiwa kuwa waliugua ugonjwa huohuo. Wote 10 walifariki. Miaka miwili kabla, Bukoba Vijijini, wagonjwa walikuwa 9 na waliofariki 6. Katikati ya hayo mawili Rwanda ilikuwa na wagonjwa 66, wakafa 15.

Sasa twende kwenye wazo la kumuua mnyama. Si wazo jipya, na wa kwanza kulileta katika Ziwa letu, Victoria, hakuwa mtu mdogo. Mwaka 1906 Robert Koch, aliyekuwa amepewa Tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia kwa kazi yake ya kifua kikuu, alifika Mwanza, kisha akavuka hadi visiwa vya Sese upande wa Uganda kuchunguza malale. Alipasua mbung'o wa ufukweni akakuta wamenyonya damu ya mamba. Akashauri mamba wawindwe na mayai yao yaharibiwe. Hesabu yake ilikuwa nyoofu: mbung'o anakula kwa mamba, ondoa mamba, mbung'o afe njaa. Wagonjwa aliwapa atoksili, dawa yenye aseniki, na baadhi yao wakapofuka. Malale hayakungoja mamba waishe. Na mamba, kama mjuavyo ninyi mnaoteka maji ziwani, hawajaisha hadi leo.

Baada ya mamba ikaja zamu ya mbogo, pofu na ngiri. Kusini mwa Zambezi serikali za kikoloni ziliua mamia ya maelfu ya wanyama ili kumnyima mbung'o chakula, na Ankole, jirani zetu, bunduki zililia vilevile. Sitakaa hapo. Wenzangu wa wanyamapori wanaifahamu orodha hiyo kuliko mimi, na inawauma zaidi.

Nataka nikae Kitaka.

Kitaka ni mgodi wa risasi na dhahabu katika wilaya ya Ibanda, magharibi mwa Uganda. Mwaka 2007 wachimbaji wanne waliugua Marburg, mmoja akafa. Watafiti wakaingia shimoni wakiwa wamejifunga mavazi ya kujikinga tangu utosini hadi unyayoni, wakakuta popo wala matunda wa aina ya Rousettus aegyptiacus, zaidi ya 100,000. Wakawapima 611. Wenye virusi walikuwa 31, yaani asilimia 5.1. Hapo ndipo virusi hai vya Marburg vilipopatikana ndani ya mwili wa popo, baada ya miaka 40 ya kubahatisha tangu ugonjwa huo ulipowaua watu 7 Ulaya mwaka 1967, ukiwa umesafirishwa na tumbili waliotoka Uganda.

Kilichofuata ndicho ninachowapa wanafunzi wangu kila mwaka, na asiyekisoma hafanyi mtihani wangu. Mwaka 2008 iligundulika kuwa wachimbaji walikuwa wanawamaliza popo. Walitanda nyavu za kuvulia samaki kwenye matundu ya kutokea na kuziba njia kwa matete. Popo waliokufa walikutwa wamerundikwa msituni. Kazi ilifanyika kwa ukamilifu ambao msomi wetu wa saruji angeupigia saluti: mgodi ukabaki mtupu.

Oktoba 2012 Marburg ikarudi Ibanda. Wagonjwa 15 walithibitishwa, mlipuko mkubwa kuliko wowote ambao Uganda ilikuwa imewahi kuupata. Watafiti walirudi Kitaka mwezi Novemba. Mgodi ulikuwa umefunguliwa tena na popo wamerejea, wachache, labda elfu moja hadi elfu tano. Wakawapima 400. Wenye virusi: 53. Asilimia 13.3.

Nawaomba mzirudie tarakimu hizo mkiwa kitandani usiku. Popo walipungua hadi sehemu ndogo ya idadi yao ya mwanzo, na maambukizi miongoni mwao yakapanda zaidi ya mara mbili. Maelezo yanayoingia akilini ni haya. Katika kundi kubwa lililotulia, popo wengi wazima wameshaambukizwa na kupona, wamebaki na kinga. Virusi huzunguka kwa vijana. Ukilifagia kundi, nafasi huachwa wazi, na wanaoijaza ni popo wageni, wengi wao vijana wasio na kinga. Umewaondoa wazee waliokuwa wanakulindia mlango.

Haya hayakuandikwa na mpenda popo wa Ulaya akiwa sebuleni kwake. Yaliandikwa na Amman na wenzake, watu wa maabara, Waganda na Wamarekani, walioingia mle wenyewe. Amman huyohuyo alikuwa ameonyesha, kutoka Pango la Chatu katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, kwamba popo hawa huzaa mara mbili kwa mwaka, na kwamba virusi huongezeka watoto wanapofikia kama miezi sita: katikati ya Juni hadi katikati ya Septemba, na katikati ya Desemba hadi katikati ya Machi. Mgonjwa wa kwanza kutambuliwa Biharamulo alianza kuugua Desemba. Bukoba ilitangaza Machi. Matukio mawili hayafanyi kanuni, nami ningemrudishia kazi mwanafunzi aliyedai yanafanya. Lakini kalenda ni kitu ambacho mchimbaji anaweza kukitumia kesho asubuhi bila kununua mfuko mmoja wa saruji.

Hilo la kwanza limekwisha. La pili, la kuvamia pori, linanigusa nyumbani.

Aprili 1994 nilikuwa darasa la tano, Ngara. Tarehe 28 na 29 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24 hivi, wakatua Benaco, mahali palipoitwa kwa jina la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara. Sisi watoto tulipanda kilimani kutazama moshi. Mwezi mmoja baadaye kilima hakikuwa na mti wa kufungia mbuzi, na mama akawa anatoka saa kumi alfajiri kutafuta kuni. Kambi zilifungwa Desemba 1996. Leo pitia barabara ile ukitoka Rusumo: kuna vichaka ambavyo mgeni ataviita pori la asili, na mimi nina umri mkubwa kuliko kila mti uliomo.

Ndiyo maana nilipomsoma John Ford sikuhitaji kushawishiwa sana, na nakiri kwamba huo ni udhaifu katika mtafiti. Ford alikuwa mtu wa mbung'o katika Tanganyika ya Waingereza. Kitabu chake kikubwa kuhusu malale na ikolojia ya Afrika kilichapishwa Oxford mwaka 1971, na sehemu yake iliyo bora, kwa maoni yangu, ni ile ya nchi zetu hizi za magharibi ya Ziwa. Mdudu hakumtosha. Miaka mingi kabla, mwaka 1947, yeye na afisa wa utawala aliyeitwa Hall waliandika historia ya Karagwe. Hebu fikirini: mtaalamu wa wadudu anakaa na wazee kuuliza mfalme gani alilima wapi, kwa sababu ameona kwamba ramani ya mbung'o haieleweki bila ramani ya watu.

Hoja yake ni kwamba kabla ya miaka ya 1890 watu, ng'ombe, wanyamapori na mbung'o walikuwa wamefikia namna ya kuishi pamoja. Kijiji na mashamba yake vilisukuma kichaka nyuma. Mpaka ulikuwepo, na kukutana kidogokidogo mpakani kulijenga kinga. Kisha ikaja sotoka, tauni ya ng'ombe. Ng'ombe wakafa, watu wakafa njaa au wakahama, mashamba yakawa vichaka. Wanyamapori waliongezeka tena upesi kuliko ng'ombe, na mbung'o akawafuata hadi kwenye maboma yaliyohamwa. Serikali ya kikoloni ikafika, ikaona kichaka, ikadhani kimekuwepo tangu kuumbwa. Halafu ikawakusanya watu katika makazi ya malale, Biharamulo ikiwemo, na kichaka kikapewa nafasi zaidi. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, zaidi ya kilomita za mraba 4,700. Sina ugomvi na hifadhi. Nina ugomvi na anayeniambia babu yangu alivamia pori.

Haki itendeke. Helge Kjekshus, aliyeichukua hoja hii mwaka 1977 na kuieneza nchi nzima, amekosolewa na Juhani Koponen kwa kuipaka karne ya 19 rangi nzuri mno: njaa, vita na misafara ya watumwa vilikuwepo kabla ya sotoka. Nakubali. Tena Marburg si malale. Popo hahitaji kichaka, anahitaji shimo lenye giza na miti ya matunda isiyo mbali, na mtu anaweza kuniambia kwamba Ford hana la kusema hapo.

Analo. Kitaka ni mgodi. Shimo lile lilichimbwa na watu, popo wakahamia baadaye kama wapangaji. Durba, Kongo, kati ya 1998 na 2000, Marburg iliwapata watu 154 na kuwaua 128, wengi wa mwanzo wakiwa wachimbaji wa dhahabu wa mgodi wa Goroumbwa. Mlipuko ulikwisha mgodi ulipojaa maji na watu wakakosa pa kuingilia. Na Biharamulo kwetu watu walichimba ardhi kabla Mjerumani hajajenga boma lake: Warongo walifua chuma kwa vizazi, na leo vijana wanashuka kwenye maduara kutafuta dhahabu. Kichaka tulikiotesha sisi kwa kuondolewa, na pango tunalichimba sisi kwa kukosa kazi nyingine. Swali la kwanza la utafiti liwe hilo: duara hili lilichimbwa lini, liliachwa lini, nani anarudi kulala ndani yake msimu wa mvua, na kwa nini. Ukipata majibu hayo, popo utampima ukiwa unajua unachokitafuta.

Wenzangu wa maabara huniambia kwa upole kwamba hiyo si sayansi, ni soga za wazee. Mwaka 2006 ningewaunga mkono. Nilikuwa mtafiti msaidizi pembezoni mwa Kimisi, nikisimamia mitego 20 ya vitambaa vya bluu na vyeusi, na chupa za mkojo wa ng'ombe wa kuwavuta mbung'o. Mzee aliyetuongoza njia alisimama kwenye mtego namba 14, akasugua udongo kwa kiatu, akasema, "Mjukuu wangu, hapa ni kwa shangazi yangu. Jiko lilikuwa pale." Nilicheka. Fomu yangu ilikuwa na safu ya idadi, jinsia, joto na unyevu, na mwishoni safu ya maelezo. Nikaandika idadi.

Mzee yule amefariki. Fomu ninayo ofisini, na wanafunzi wangu wameshaiona: mtego namba 14, safu ya maelezo, kistari kimoja.