Mzee Aliyepotewa na Akili: Ni Tiba Ipi Imfaayo?

(Mawaidha yaliyotolewa baada ya Swala ya Isha, Kilwa Masoko)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba wake wote. Ama baad.



Mazungumzo yetu ya leo yametokana na swali. Kijana mmoja mvuvi alinifuata baada ya Swala ya Alasiri akiwa na karatasi mkononi. Mama yake hajatamka neno la maana tangu mwaka jana. Hawatambui wanawe, hawezi kusimama, haja zote mbili humtoka pale pale kitandani, na chakula hukiweka shavuni akasahau kukimeza. Ndugu yao aliyeko Dar es Salaam ameleta mpango wa tiba ulioandikwa katika karatasi ile: mama asile ugali wala wali, akae na njaa saa 16 kila siku, atembezwe asubuhi na jioni, na kila mwezi anunuliwe mafuta na unga wa mitishamba. Wameahidiwa kuwa akili itarejea. Gharama yake inawataka wauze shamba la mikorosho. Kijana akaniuliza: "Sheikh, tukikataa, je, tutakuwa tumemtupa mama yetu?"

Ndugu zangu, swali hili si la nyumba moja. Basi na tulitazame kwa utulivu.

Kwanza, tujue maradhi yenyewe. Wazee wetu husema fulani amepiswa, na waganga wa hospitali huyaita demensia. Ni maradhi ya ubongo. Chembe zake hufa kidogo kidogo, pengine kwa ugonjwa uitwao Alzheimer, pengine kwa mishipa ya damu iliyoharibiwa na shinikizo la damu. Si jini, si kurogwa, wala si laana ya mtoto aliyekosa radhi. Qur'ani Tukufu, katika Suratun Nahl aya ya 70 na Suratul Hajj aya ya 5, inataja kuwa wako wanaorudishwa kwenye umri dhaifu hata wasijue kitu baada ya kuwa walijua. Basi aliyetajiwa jambo hili na Mola wake hapaswi kumtafuta mchawi jirani.

Wala tusidhani kuwa ni maradhi ya Ulaya tu. Hapa hapa Tanzania, katika wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, watafiti waliwapima wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi katika miaka ya 2009 na 2010. Waliona kuwa takriban 6 katika kila 100 wana maradhi haya.

Pili, je, mlo na mazoezi vinatibu? Tuseme haki. Utaratibu wa maisha una nafasi yake. Nchini Finland watu 1,260 wenye umri wa miaka 60 hadi 77 walifuata utafiti wa miaka miwili, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2015. Wale waliosimamiwa katika mlo, mazoezi, kuchangamsha akili na kupimwa shinikizo la damu walifanya vizuri zaidi kidogo kuliko wenzao katika majaribio ya akili. Lakini hao walikuwa watu ambao maradhi bado hayajawapata. Mwaka 2024 ulitolewa utafiti wa Marekani wa watu 51, waliofuatwa kwa wiki 20 kwa mlo wa mimea, mazoezi na kutuliza nafsi. Baadhi yao walionekana kupata nafuu. Lakini hao nao walikuwa mwanzoni mwa maradhi: wakizungumza, wakitembea, wakijilisha wenyewe.

Je, mama wa kijana wetu yumo miongoni mwao? Hayumo. Hakuna utafiti uliothibitisha kuwa mlo, mazoezi au mitishamba humrejeshea akili mtu aliyefika hatua ya mwisho. Anayeahidi hivyo kwa malipo anauza asichokuwa nacho. Zaidi ya hayo, tiba hiyo yaweza kumdhuru. Kumnyima chakula mzee aliyekwisha kukonda ni kumuongezea udhaifu, na kumburura atembee ni kumvunja nyonga. Tena hata saumu ya Ramadhani haimlazimu. Mtume (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Abu Daud na wengineo, ametufundisha kuwa kalamu imeondolewa kwa asiye na akili mpaka akili imrudie. Mwenyezi Mungu amemsamehe funga, sisi tunamfungisha kwa amri ya karatasi!

Pengine mtu atasema: mbona tumeamrishwa kujitibu? Naam, tumeamrishwa. Lakini hadithi hiyo ya kujitibu, waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, imetoa kitu kimoja ambacho hakikuwekewa dawa, nacho ni uzee. Kukubali hivyo si kukata tamaa. Ni kuielekeza juhudi pale inapofaa.

Tatu, basi nini kifanyike? Mengi mno, nayo ndiyo tiba ya hatua hii.

Mgonjwa akibadilika ghafla, akaweweseka au akalala usingizi mzito kwa siku moja au mbili, msiseme "ndiyo maradhi yake". Huenda ni malaria, uchafu katika mkojo, homa ya mapafu, upungufu wa maji au choo kilichofunga. Haya yanatibika. Mpelekeni hospitali, Kinyonga kule Kilwa Kivinje au Sokoine pale Lindi, na mchukue dawa zote anazotumia, daktari azitazame.

Mlisheni kwa mkono, akiwa ameketishwa wima. Uji mzito wa mtama, samaki aliyepondwa na kutolewa miiba, papai, ndizi mbivu. Kijiko kidogo, mgoje ameze, ndipo kingine. Wataalamu hawashauri mrija wa chakula kwa mgonjwa wa hatua hii, kwa kuwa haukuonekana kurefusha maisha yake. Msafisheni kinywa kila siku. Mgeuzeni ubavu kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, asipate vidonda vya kulala. Mtazameni uso: akikunja kipaji anapoguswa, ana maumivu, naye hawezi kuyasema.

Na msinyamaze mbele yake. Msomeeni Qur'ani kwa sauti ya upole, mwimbieni zile kaswida alizokuwa akiimba, mshikeni mkono. Huenda asiwajue kwa majina, lakini hujua mkono mpole na mkono wa hasira. Suratul Israa, aya ya 23, imetukataza kuwatamkia wazazi waliozeeka hata neno dogo la kuudhika. Je, hukumu hiyo hukoma mzazi anapoacha kusikia maana ya maneno yetu? La hasha.

Nne, kazi hii ni ya nani? Katika nyumba nyingi za pwani yetu imeachiwa binti mmoja au mke wa mwana, halali usiku, haendi harusini wala msibani, naye hasifiwi. Wanaume tunakuja msikitini, tunaomba dua, tunarudi kula. Hii si insafu. Kijana nilimjibu hivi: usiuze mikorosho. Toa sehemu ya mauzo ya msimu ununue godoro zuri, sabuni, shuka za kubadilisha na maziwa, na mlipe mtu amsaidie dada yako. Kisha wewe mwenyewe shika zamu ya usiku, walau mbili kwa wiki. Na nduguyo wa Dar es Salaam usimlaumu, kwani alileta karatasi ile kwa mapenzi. Mwambie fedha aliyokusudia kununulia unga aitume kwa kazi hii.

Tano na mwisho, utaratibu wa maisha ni dawa yetu sisi tuliokaa hapa. Jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilieleza mwaka 2024 kuwa karibu nusu ya maradhi haya, yaani 45 kwa 100, yangeweza kuzuilika au kucheleweshwa lau mambo 14 yangeshughulikiwa tangu mapema. Miongoni mwake ni shinikizo la damu, kisukari, sigara, uziwi usiotibiwa, kukaa bila kutembea na upweke. Basi tupunguze chumvi na ng'onda, tupime shinikizo la damu, tuache sigara, tuje msikitini kwa miguu, na tumtembelee mzee akaaye peke yake.

Ewe Mola, warehemu wazazi wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo, nasi hatujui kusema wala kujilisha. Utupe subira ya kuwalea, na uwajaalie mwisho mwema. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.