MLIO WA SKANA SI RISITI

(Mazungumzo ya mfanyakazi wa reli mbele ya wanachama wa tawi)



Nimeombwa niwaeleze habari za mashine ya kusoma ile mistari myeusi na myeupe iitwayo bakodi, ambayo siku hizi inaingia katika stoo za vyombo. Mimi ni fundi, wala si mwalimu, na shule yangu ilikuwa ya msingi ya misheni. Lakini hesabu ya kujumlisha na kuzidisha niliyofundishwa huko yatosha kwa jambo hili, na kila mmoja hapa aweza kulifuata.

Zamani katika karakana nyingi fundi alipewa vibati vya shaba vyenye namba yake. Akichukua spana, kibati kinatundikwa msumarini mahali pa spana. Akiirudisha, anapewa kibati chake mkononi. Kibati kile kilikuwa risiti, na hakuna aliyeweza kumwambia, "Wewe hukurudisha." Leo vibati vinaondoka, mashine inaingia. Sisi hatuikatai mashine. Tunauliza neno moja tu: risiti yetu iko wapi?

Kwanza tujue mashine inavyofanya kazi. Skana inamulika mistari kwa mwanga. Mahali peupe mwanga unarudi, mahali peusi haurudi. Kwa kupima upana wa mistari na nafasi zake, skana inapata tarakimu. Hapo inalia, "Pii!" Kisha inazituma tarakimu hizo kwa waya, moja baada ya nyingine, mpaka kwenye kompyuta.

Katika stoo ndogo kompyuta hiyo yaweza kuwa chipu moja tu iitwayo maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyofanyiwa kazi moja. Skana ya waya wa siriali mara nyingi hutuma kwa mwendo wa 9600, maana yake kama herufi 960 kwa sekunde. Kila tarakimu inakwenda kwa namba yake maalum: sifuri ni 48, moja ni 49, mbili ni 50, hata tisa ambayo ni 57. Mwishoni skana nyingi hutuma 13, maana yake "nimemaliza." Chipu inakusanya tarakimu mpaka ione 13, halafu ndipo inapoandika katika daftari lake. Kwa mafundi wa umeme naongeza hili: waya wa siriali wa namna ya zamani, RS-232, huenda ukabeba hata volti 12, nayo chipu hutaka 5 au 3.3. Pasipo chipu ya kupunguza katikati, kama MAX232 kwa ile ya volti 5, mtaiunguza.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye mshahara wa mtu. Mlio ule ni wa skana. Skana inasema, "Mimi nimesoma." Haisemi, "Kompyuta imeandika." Kati ya kusoma na kuandika kuna safari, na katika safari mzigo waweza kupotea.

Chukueni mfano wa ubao wa Arduino Uno, ambao wengi hujifunzia. Herufi zinazofika zinangoja katika chumba chenye nafasi 64 hivi. Lebo ya tarakimu 13 pamoja na alama ya kumaliza ni herufi 14. Lebo nne ni 56, zinaingia. Ya tano haienei. Basi ikiwa programu imeandikwa vibaya, inasimama ikingoja kazi nyingine, na mafundi watano wakarudisha vyombo kwa haraka saa ya kutoka, skana italia mara tano, bali wa tano namba yake itakatika. Fundi huyo amesikia mlio kwa masikio yake, amekwenda nyumbani kwa amani, na mwisho wa mwezi anaambiwa spana haikurudi.

Mtauliza, je, mashine haina njia ya kujua namba iliyokatika? Inayo, na ni nzuri. Tarakimu ya 13 ni ya kukagua zile 12 za kwanza. Tuseme spana yetu ni namba 4163. Namba zinazoanza na 20 zimetengwa kwa matumizi ya ndani, basi tunaandika 200000004163. Jumlisha tarakimu za nafasi ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea: 2 na 4 na 6, ni 12. Jumlisha za nafasi ya pili, ya nne na kuendelea: 1 na 3, ni 4, zidisha kwa 3, ni 12. Jumla yote ni 24. Ili kufika 30 inatakiwa 6. Basi lebo kamili ni 2000000041636. Tarakimu moja ikisomwa vibaya, hesabu haitakubali. Namba ikikatika, urefu wake hautakuwa 13. Programu njema itaikataa.

Lakini kukataa kimya kimya ni sawa na kupoteza. Programu ikiitupa namba mbovu bila kumwambia mtu, fundi hajui kwamba arudie. Kwa hiyo lazima kuwe na taa inayowashwa na kompyuta yenyewe, si na skana: kijani ikiisha kuandika, nyekundu ikikataa. Taa hiyo na waya wake ni kitu cha bei ndogo sana. Asiwepo wa kutuambia haiwezekani.

Kuna jambo la pili. Lebo ikichafuka kwa grisi, mwanga hausomi. Watu wa reli wa Amerika ya Kaskazini walijifunza hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1967 walichagua mtambo ulioitwa KarTrak, mabehewa yakabandikwa lebo za mistari ya rangi ubavuni, zisomwe na mtambo kando ya njia. Uchafu na kukosa matunzo kukaziharibu lebo, na kabla ya miaka ya 1970 kwisha mpango ukaachwa. Mashine haikuwa mjinga. Ilikosa kitambaa cha kufutia.

Lebo ikikataa kusomwa, karani anaandika namba kwa vidole. Hapo tujihadhari. Karani akikosea, badala ya 4163 akaandika 4613, fanyeni hesabu tena: 2 na 4 na 1 ni 7, 6 na 3 ni 9, mara 3 ni 27, jumla 34. Ili kufika 40 inatakiwa 6. Ni 6 ile ile! Kila mara tarakimu mbili jirani zinazotofautiana kwa 5 zikibadilishana mahali, mkaguzi huyu haoni kitu. Spana yako imerudi, bali daftari linasema imerudi ya mwenzako. Tena skana nyingi za waya wa USB hujifanya kibodi, na kompyuta ya kawaida inaona kama mtu anachapa. Haitofautishi mwanga na kidole.

Na saa je? Chipu nyingi za namna hii hazina saa ya kweli. Umeme ukikatika, zinaanza kuhesabu tangu sifuri. Pasipo saa ndogo ya betri pembeni, tarehe iliyoandikwa si ushahidi.

Ndugu zangu, sheria haiko mbali nasi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyopotea kwa kosa la kusudi la mfanyakazi. Namba iliyokatika njiani si kosa la kusudi la mtu. Na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuonyeshwa habari zake zilizowekwa. Lakini haki haitembei yenyewe mpaka mtu ajue la kuuliza.

Basi naomba wawakilishi wetu wakikaa mezani na wakubwa waulize haya, na wayapate kwa maandishi:

1. Taa ya kijani iwashwe na kompyuta baada ya kuandika, mahali fundi anapoiona.

2. Namba iliyokataliwa iandikwe nayo, pamoja na saa, isitupwe.

3. Namba iliyoandikwa kwa mkono iwekewe alama, na iandikwe mara mbili.

4. Saa ya betri iwepo, na ikaguliwe.

5. Fundi apewe karatasi anaporudisha chombo. Hiyo ndiyo kibati chetu cha leo.

6. Asikatwe mtu hata senti kabla mwakilishi wake hajaonyeshwa daftari lote la siku ile, si mstari mmoja.

Na ninyi vijana, jifunzeni kazi hii. Anayejua kuandika programu ya chipu hadanganywi na chipu. Tukiwa na watu wetu wawili watatu katika kila karakana wanaojua kufungua kisanduku na kusoma kilichomo, hatutabishana na mashine kwa hasira, tutabishana kwa hesabu. Mpaka siku hiyo, mkirudisha chombo msiondoke kwa kusikia mlio. Simameni, ulizeni: imeandikwa?

 Mwenye swali na aulize.